Mtoto anayelinda mabegi: somo la michezo la watoto wote ni lipi hasa?

Saa ya jimu ikifika, katika shule nyingi za Goma masweta yanarundikwa kando ya ukuta pamoja na mabegi, na mwalimu anaangaza macho kutafuta wa kuyalinda. Anayeitwa ni yuleyule wa wiki iliyopita. Huenda mguu wake mmoja ni mfupi, au haoni vizuri, au ana ugonjwa wa SS, yaani seli mundu. Huenda ni msichana aliyevaa sketi ya kubana, au ni mnene tu na wenzake wamechoka kumngoja. Mwaka unaisha hajagusa balo.

Siku hizi maneno «elimu jumuishi» yanasikika kwenye mikutano ya wazazi na kwenye semina za walimu, na kila mtu anayaelewa kwa namna yake. Mama wa mtoto anayetembea kwa magongo anadhani mtoto wake atatupwa katikati ya mechi avunjwe hata mguu wa pili. Mwalimu mwenye watoto 60 na balo moja anadhani anadaiwa vifaa ambavyo shule yake haitavipata kamwe. Baba wa mtoto mwenye mbio anaogopa kwamba mwanawe atarudishwa nyuma ili alingane na wengine. Hofu hizi tatu zinatoka mahali pamoja: hakuna aliyewaeleza neno lenyewe lina maana gani.

Kwanza tutenganishe mambo manne yanayochanganywa kila siku. Kutengwa ni mtoto kubaki kando ya ukuta na mabegi. Kutenganishwa ni kupewa mchezo wake peke yake, kwenye kona, mbali na wenzake. Kuingizwa ni kuruhusiwa kuingia uwanjani huku mchezo ukibaki ulivyokuwa, ajitahidi mwenyewe. Kujumuishwa ni mchezo wenyewe kupangwa tangu mwanzo ili kila aliyemo awe na kitu cha kweli cha kufanya. Kosa kubwa liko kati ya hilo la tatu na la nne. Mtoto aliyeingizwa bila kujumuishwa ni kama mgeni aliyevutiwa kiti mezani, bugali na sambaza vipo, wenzake wananawa, lakini mbele yake hakuna sahani. Yupo mezani, ndiyo, lakini hali.

Neno jingine ni mvuto. Somo lenye mvuto si lazima liwe la kucheka. Ni lile ambalo mtoto anajua anatafuta nini (kufikisha balo kule, kuruka kamba pale alipochagua, kurusha mara tano mfululizo) na anaona mwenyewe kama amefika au bado. Mtoto asiyejua anatafuta nini ataanza kusukuma wenzake, na mwalimu atasema hana nidhamu.

Hili si jambo la hisani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja waziwazi michezo ya watoto, pamoja na ile ya shuleni. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya nchi yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kujongea kwa nguvu ya wastani au zaidi, na linawataja watoto wenye ulemavu pia. Katika jiji ambalo watoto wengi nyumba zao hazina ua na barabara zimejaa pikipiki, saa ya jimu ni sehemu kubwa ya dakika hizo.

Hesabu ya foleni

Kabla ya kuzungumzia ulemavu wowote, tuangalie watoto wote, kwa sababu somo la kawaida la michezo linawaacha nje hata wenye miguu miwili mizima.

Chukua mbio za kupokezana, ambazo kila mwalimu anazipenda. Watoto 60, foleni 4, kila foleni watoto 15. Kwenda mita 20 na kurudi, pamoja na kumgusa mwenzako mkono, ni kama sekunde 12. Kwa hiyo mtoto anakimbia sekunde 12, halafu anasubiri wenzake 14 wamalize, ndipo zamu yake irudi baada ya dakika 3. Katika dakika 30 anakimbia mara 10, yaani dakika 2 tu. Dakika 28 amesimama kwenye jua.

Watoto walewale uwagawe kwa foleni 15 za watoto wanne. Sasa mzunguko mmoja ni sekunde 48. Katika dakika zilezile 30, kila mtoto anakimbia dakika 7 na zaidi, na bado anapumzika mara tatu ya muda aliokimbia. Balo halikuongezeka wala mwalimu hakuongezeka. Kama uwanja ni mwembamba na foleni 15 hazitoshei, kata mbio ziwe mita 10 na uwapange wawili upande huu, wawili upande ule, wakimbie kupishana.

Hesabu hii inasaidia pia kuona ubaya wa michezo ya kutolewa, ile ya «ukiguswa, toka». Anayetoka wa kwanza ni yule mzito, au asiyeona balo likija, yaani yule aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Dawa ni ndogo: aliyeguswa haendi kando, anakimbilia kwenye alama fulani, anaruka mara tano (au anapiga makofi kumi akiwa ameketi), anarudi mchezoni. Au anahamia timu iliyomgusa.

Na kuna desturi moja ambayo ingefaa ikome leo: kapteni wawili kuchagua wachezaji mmoja mmoja mbele ya darasa. Watoto wawili wa mwisho wanasimama pale huku kapteni wakibishana nani amchukue nani. Mwezi wa kuzaliwa, namba, kipande cha kitambaa kilichotolewa mfukoni mwa mwalimu, chochote kati ya hivyo kinagawa timu kwa nusu dakika bila kumpiga mtoto bei.

Kamba iliyoinama

Kama kuna kitu kimoja cha kuonyesha maana ya kujumuisha, ni hiki. Mfano huu ulienezwa na Muska Mosston, mtaalamu wa elimu ya mwili aliyefundisha katika chuo kikuu cha Rutgers, Marekani, tangu miaka ya 1960.

Chukua kamba ya mita 6. Kamba za kufungia mizigo ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, zinafaa kabisa. Watoto wawili waishike sawasawa, sentimita 40 kutoka chini. Wote wanaruka. Ipandishe hadi 60: wachache wanashindwa, unawatoa. Ipandishe hadi 80: wengi wanatoka. Mwisho anabaki mmoja anayeruka na darasa zima linamtazama. Hivyo ndivyo karibu michezo yetu yote shuleni ilivyopangwa, na tunaita kupima.

Sasa mshika kamba mmoja ashushe mkono hadi sentimita 10 kutoka chini, wa pili abaki kwenye 80. Kamba imeinama. Waambie watoto: kila mtu achague pa kurukia. Hakuna anayetoka tena. Aliye hodari anakwenda juu, na anaweza kujaribu pagumu kuliko pale ambapo mwalimu angeweka kamba kwa ajili ya wote. Mwenye magongo anavuka upande wa chini, gongo kwanza, mguu baadaye. Mnene anaanza katikati. Wote wanafanya kazi moja, kwenye kamba moja, kwa wakati mmoja. Na hapa baba wa mtoto mwenye mbio amepata jibu lake: upande wa juu haukushuka hata sentimita moja.

Utekelezaji una mambo yake. Funga vipande vya kitambaa kwenye kamba kila baada ya mita moja. Utapata vifundo vitano, na kila kifundo kiko juu ya mwenzake kwa kama sentimita 12. Cha kwanza kiko karibu na sentimita 22, cha tano karibu na 68. Bila vifundo mtoto hajui amerukia wapi jana, na bila kujua hilo hawezi kujishinda mwenyewe. Kamba ivutwe kiasi, maana ikilegea katikati, urefu wa vifundo unakuwa wa uongo na watoto wote wanajaa pale iliposhuka.

Jambo la usalama ambalo halina mjadala: kamba isifungwe kwenye mti wala kwenye dirisha, na anayeishika asiizungushe kwenye vidole. Ilazwe juu ya kiganja kilichofunguka, kidole gumba kikiigusa tu, ili mguu ukiigonga ianguke. Kamba iliyofungwa pande zote mbili inamwangusha mtoto kwa uso. Kwa darasa la watoto 60 tafuta kamba sita, watoto kumi kila moja, na washika kamba wabadilishwe kila dakika mbili, la sivyo mtoto mpole atashika kamba saa nzima. Huyo atakuwa mlinda mabegi mpya.

Kinachoharibu mara nyingi ni mdomo wa mwalimu. Anasema «chagueni», halafu anawapigia makofi walioruka juu tu. Ndani ya dakika tano wavulana wote wamejazana upande wa juu, wanakata kamba kwa magoti, na wenye aibu wamejificha nyuma. Kila mtoto ataje lengo lake kabla ya kuanza: «Leo fundo la tatu, mara tano bila kugusa.» Akifaulu, pongezi ni ya lengo hilo. Asipofaulu mara tatu mfululizo, ateremke fundo moja. Akifaulu bila kutoa jasho, apande.

Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, kamba ileile inageuka kuwa ya kurushia: upande mmoja sentimita 50, wa pili mita 2, ikiegemezwa kwenye vijiti viwili, na darasa zima linarusha vibalo vidogo kuipitisha, kutoka mita 3. Yeye hapewi mchezo wake kando. Darasa limebadilisha mchezo.

Mambo manne ya kugeuza

Nini cha kufanya pale ambapo hakuna kamba ya kuinamisha? Mtu anayesukuma chukudu yenye magunia ya viazi kutoka upande wa Sake hufika mahali mzigo ukakataa kwenda. Haliachi gunia njiani. Anatafuta njia nyingine isiyo na mawe, au anapunguza mzigo aende safari mbili, au anafunga kamba upya na kukagua gurudumu, au anaita mwenzake asukume kwa nyuma. Mwalimu naye ana mambo hayo manne ya kugeuza: nafasi, kazi yenyewe, vifaa na watu.

Nafasi maana yake ni ukubwa wa uwanja na umbali. Mechi ya 20 kwa 20 kwenye uwanja mmoja ina wachezaji sita na watazamaji waliosimama ndani ya mistari. Gawa uwanja huo kwa viwanja vinne, 5 kwa 5, na kila mtoto atagusa balo kabla hajachoka kulingoja. Kazi ni kubadilisha kinachotakiwa: kukimbia au kutembea haraka, kudaka baada ya balo kudunda mara moja au bila kudunda. Vifaa ni ukubwa, uzito, rangi na sauti ya balo. Watu ni nani anacheza na nani.

Hapo kwenye watu, kuna kanuni moja ambayo walimu wengi wanaiweka kwa nia njema na inadhuru: «Hakuna goli mpaka kila mtu wa timu aguse balo.» Watoto wanaielewa upesi. Wanamletea mwenzao dhaifu balo miguuni, analigusa kama anayetia sahihi, wanalichukua. Wote wamemwona kuwa yeye ni sharti la kutimizwa. Timu ndogo na mabalo mengi zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi bila kumwonyesha mtu kidole.

Na kabla ya kugeuza chochote kwa ajili ya mtoto fulani, muulize yeye. Swali fupi, pembeni, bila darasa kusikia: «Hapa unaweza kufanya nini? Nini kinakuuma?» Mtoto aliyeishi na mguu wake miaka kumi anaujua kuliko mwalimu, kuliko hata semina.

Uwanja mweusi na balo jeusi

Goma ina tatizo lake ambalo vitabu vya mbali havilijui. Sehemu kubwa ya jiji imesimama juu ya mawe ya volkano. Mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulipitisha lava katikati ya mji, na mlima ukatema tena tarehe 22 Mei 2021. Shule nyingi viwanja vyao ni mawe hayo meusi, yenye ncha, yaliyofunikwa vumbi la rangi ileile. Mtoto akianguka, goti linachunika kama limepitishwa kwenye msasa. Wengi wanakuja na kambambili, ambazo kwenye mawe haya zinageuka chini ya mguu na kuvunja kifundo.

Kwa hiyo dakika tano za kwanza za somo ni za kuokota mawe, watoto wote kwa mstari mmoja, bega kwa bega, wakitembea polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Hayo ni mazoezi pia: kuinama, kubeba, kutembea, na mwenye kiti cha magurudumu anabeba ndoo mapajani. Usijaribu kusafisha uwanja mzima. Eneo la mita 10 kwa 10 lililosafishwa vizuri linatosha kwa kila kinachohusu kuruka na kutua. Pa kutulia mwaga mchanga wa unene wa sentimita 10.

Magurudumu madogo ya mbele ya kiti yanazama na kukwama kwenye kokoto hizi, kiti kinasimama ghafla, mtoto anarushwa mbele. Anayemsukuma kwenye mawe amgeuze amvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Bora zaidi, michezo yake iletwe kwenye baraza la saruji, na wenzake waje huko.

Sasa angalia balo la makaratasi na plastiki ambalo watoto wanalisuka wenyewe. Mara nyingi ni jeusi. Balo jeusi kwenye ardhi nyeusi: mtoto mwenye macho hafifu halioni mpaka limegonga mguu wake, na hata mwenye macho mazima analiona kwa kuchelewa. Lifunge kitambaa cha njano au cheupe. Ni kitendo cha dakika mbili kinachobadilisha mchezo kwa watoto kadhaa ambao hakuna aliyewahi kujua kwamba hawaoni vizuri. Alama za uwanja vilevile: mabido ya njano ya mafuta ya kupikia, yaliyokatwa nusu na kutiwa mchanga, yanaonekana kutoka mwisho wa uwanja. Ukishalikata bido, ukingo wake ni kisu. Pitisha juu ya moto kidogo ulegee uviringike, au ufunge kwa kitambaa.

Kwa asiyeona kabisa, balo litoe sauti. Tia vizibo vya chupa ndani wakati wa kulisuka, au lizungushie mfuko wa plastiki unaochakarika. Mawazo haya si mapya: golboli, mchezo wa balo lenye kengele, ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani, na upo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 1976. Wachezaji watatu kila upande, wote wamefungwa macho, wanalizuia balo kwa miili yao. Darasani wafunge vitambaa wote, wanaoona na wasioona, na hapo mtoto asiyeona ndiye anakuwa mwalimu wa wenzake. Sharti ni moja: watazamaji wanyamaze. Wakipiga kelele hakuna mchezo.

Kukimbia na asiyeona ni rahisi pia. Kitambaa cha nusu mita, kila mmoja ashike ncha yake, mikono ikienda pamoja, anayeona akitangulia kwa nusu hatua tu na kutaja kinachokuja: «mteremko», «kulia», «simama». Asimvute kwa mkono. Anayevutwa hawezi kujua mguu unatua wapi.

Wanaokatazwa kwa sababu ya ugonjwa

Cheti cha daktari kinachosema «asifanye michezo» kimezoeleka mno. Direkta wa shule anaweza kuwaomba wazazi warudi kwa daktari na swali tofauti: hawezi nini, na anaweza nini? Asiyeruhusiwa kukimbia mara nyingi anaruhusiwa kurusha, kutembea, kujinyoosha.

Mtoto mwenye seli mundu, yule tunayemwita SS, hatari zake ni kuishiwa maji, baridi na kuchoka kupita kiasi. Asiwekwe kwenye mbio za kushindana wala mazoezi ya mpaka kuchoka. Anaweza kufanya vituo vya kurusha, kulenga, kutembea, kwa vipindi vifupi, akipumzika kabla hajaomba, akinywa maji mara kwa mara, akivaa sweta mara tu anapomaliza kutoka jasho. Chupa ya maji iwe sheria kwa darasa lote, kwa sababu akiruhusiwa kunywa yeye peke yake atakunywa mara moja na kuacha kwa aibu. Akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, somo lake limeisha, na mzazi aitwe.

Mwenye pumu anahitaji kupasha mwili moto polepole, dakika 10 hivi badala ya 3, na kukaa mbali na upande wa barabara ambako vumbi linaingia. Mwenye kifafa anacheza karibu kila kitu isipokuwa kupanda juu na kuogelea bila mtu wa kumwangalia. Akianguka: ondoa mawe karibu, weka sweta chini ya kichwa, mgeuze kwa ubavu, angalia saa, usimtie kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kukoma, ni hospitali. Mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu, na somo lake liwe kivulini. Jua la hapa, karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,500, linachoma hata siku ya mawingu. Mtoto asiyesikia anahitaji kitambaa cha rangi kinachoinuliwa pamoja na filimbi. Mwalimu anapoeleza, yeye ndiye aelekee jua, watoto walipe mgongo, ili wanaosoma midomo na mikono wamwone.

Kitambaa hicho kina faida nyingine. Madarasa ya Goma yana watoto waliokimbia vita huko Masisi na Rutshuru, na wengine walioisikia hapa hapa mjini. Filimbi kali nyuma ya sikio au kishindo cha ghafla vinaweza kumfanya mtoto alale chini au akimbie nje ya geti. Ishara ya mkono kwanza, sauti baadaye. Somo lianze kwa namna ileile kila wiki, duara lilelile, zoezi lilelile la kwanza, ili ajue kinachofuata.

Wasichana hawapendi michezo?

Waangalie saa ya mapumziko: wanaruka kamba, wanacheza nzango, wanapiga makofi na kuimba hadi jasho liwatoke. Wanachokataa ni kukimbia na sketi ya bulu mbele ya wavulana wanaocheka, au kucheza wakiwa kwenye hedhi shuleni pasipo maji. Wakiruhusiwa kuvaa kaptura au suruali ndani ya sketi siku ya jimu, na akiwepo mwalimu wa kike au mwanafunzi mkubwa wa kupokea maombi yao bila maswali mbele ya watu, sababu nyingi za kukaa kando zinaondoka.

Nzango yenyewe ni hazina. Wawili wanatazamana, wanapiga makofi kwa mdundo, wanaruka na kutoa mguu. Mmoja anapata pointi miguu ikilingana, mwenzake ikipishana. Ina kuruka, mdundo, kubahatisha akili ya mwingine, na haihitaji kifaa. Aliye kwenye kiti anacheza kwa mikono: anatoa mkono wa kulia au wa kushoto kwa mdundo uleule, na aliye mbele yake naye anacheza kwa mikono. Anzeni na nzango kabla ya balo, na wavulana waingie pia. Wataona ugumu wake.

Voliboli ya kukaa ni nyingine inayofaa. Ilianza Uholanzi mwaka 1956, na wavu wake uko chini: mita 1.15 kwa wanaume, 1.05 kwa wanawake. Kamba iliyofungwa vitambaa inatosha. Ila kwenye mawe yetu usiwakalishe watoto bila bashi (turubai) nene au baraza la saruji; watajikokota na ngozi itabaki pale.

Pointi za buletini

Mwalimu anaweza kufanya haya yote na kuyaharibu mwisho wa kipindi, kwa kutoa pointi kwa mstari mmoja: aliyeruka mita 1.80 apate 10, wa chini ya mita 1 apate 3. Watoto wanasoma buletini, ile karatasi ya matokeo, wanajua ukweli uko huko.

Pima mara mbili. Wiki ya pili ya kipindi, kila mtoto aruke kwa kusimama mara tatu, uandike bora kuliko zote. Wiki ya mwisho, hivyo hivyo. Kwa pointi 10, weka 4 za maendeleo yake mwenyewe, 3 za ufundi (kupinda magoti, kurusha mikono, kutua kwa miguu miwili), na 3 za kazi yake ndani ya kikundi: kushika kamba vizuri, kungoja zamu, kumwongoza mwenzake. Aliyetoka sentimita 92 hadi 101 amepanda karibu asilimia 10. Aliyekuwa na 180 akabaki 180 hajapanda, na anahitaji kuambiwa hivyo. Asiyeruka anapimwa kwa kurusha, kwa mpango uleule wa 4, 3 na 3. Ufundi wa kutazama uandikwe mapema na usomwe kwa sauti mbele ya darasa, ili kila mtoto ajue siku ya kwanza atapimwa kwa lipi.

Na mabegi? Yatundikwe kwenye madirisha ya darasa, mlango ufungwe, ufunguo ubaki shingoni mwa mwalimu.